Ua Huu na Ua Hili

Majuma machache yaliyopita tulipata barua ya mwanafunzi mmoja wa Butembo. Ilikuwa barua fupi, tena yenye uchungu. Shangazi yake, akaaye Kanada, alikuwa amemtumia pakiti ya mbegu za hibiskusi. Juu ya pakiti palikuwa na picha ya ua jekundu, pana kama sahani ya kulia, na maneno ya kusifu kwamba mmea huu ni imara, hauuawi na theluji wala barafu. Kijana akafikiri, naye alikuwa na haki ya kufikiri hivyo, ya kuwa mmea usioshindwa na theluji ya Kanada hautashindwa na ukungu wa Butembo. Akazikwaruza mbegu, akazilowesha usiku kucha, akazipanda nyuma ya jiko la mama yake. Zikaota. Mwaka wa kwanza ukapita, na wa pili nao; mashina yakampita yeye kimo; ua hakuna hata moja. Sasa ndugu zake wamcheka, na baba yake amekwisha kuuliza kipande kile cha bustani kitazaa maharage lini. "Je," atuuliza, "kosa langu ni lipi? Ni udongo, ni mbolea, ama nilidanganywa?"

Maswali ya namna hii hatupendi kuyajibu tukiwa tumekaa mezani. Tukaenda kuona. Tulifika kwao Jumamosi moja baada ya mvua, nao wakatupokea vizuri. Mmea wenyewe ulikuwa mzuri kweli: majani mapana, mabichi, yasiyo na doa, mashina manene kama kidole gumba. Udongo wa pale ni ule wetu mwekundu wa milimani, nao ulikuwa umelishwa samadi ya mbuzi ya kutosha. Mtoto hakukosea hata kidogo. Aliyemnyima maua ni jua.

Tueleze jambo hili polepole, maana si la kawaida. Hibiskusi ya pakiti ile, ambayo wataalamu huiita Hibiscus moscheutos, asili yake ni nchi za mabwawa upande wa mashariki wa Marekani. Huko, majira ya baridi yakifika, mashina yake yote hufa hata chini, na mtu asiyejua angeung'oa mmea na kuutupa. Lakini mizizi imelala ardhini, nayo huvumilia baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri na kupita. Baridi ikiisha, mmea huchipuka tena, nao huwa karibu wa mwisho katika bustani yote kuamka. Ndiyo sababu waitwa imara. Maua yake nayo ni makubwa kama picha isemavyo, sentimita 20 hata 30 kwa upana. Ila una desturi moja: hautoi tumba mpaka siku ziwe ndefu. Katika mji kama Chicago mchana wa mwezi wa Juni hupita saa 15, na hapo mmea hujua kwamba wakati wake umefika. Sasa ninyi mnaosoma jiografia, fungueni ramani. Mstari wa Ikweta unapita kati ya Butembo na Lubero. Kwetu mchana una saa 12 na dakika chache, Januari kama Juni, mwaka hata mwaka. Mmea ule maskini unakaa nyuma ya jiko ukingoja siku ndefu, nazo haziji kamwe.

Tulipomweleza kijana haya alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Basi kwetu sisi, hibiskusi iliyo imara ni ipi?" Mama yake alikuwa akimenya viazi mlangoni. Hakutungoja tujibu. Akanyoosha kisu chake kuelekea mpakani mwa kiwanja. "Ile pale," akasema. "Mbuzi wameila, watoto wameivunja, na mtu aliyekaa hapa kabla yetu aliiunguza kwa moto wa takataka. Nayo ipo."

Tukageuka, tukaiona. Ilikuwa ile ya kila siku, yenye ua jekundu la petali tano, ambayo kwa kuiona mno katika mitaa ya Butembo na Beni tumeacha kuitazama.

Lugha yetu ya Kiswahili ina ua la namna mbili. Ua hili huchanua, nayo yakiwa mengi ni maua. Ua huu huzunguka nyumba, nazo zikiwa nyingi ni nyua. Mwalimu mmoja wa darasa la tano alitwambia zamani kwamba watoto huchanganya maneno hayo katika mtihani kila mwaka. Hatuwalaumu sana. Katika nchi yetu mara nyingi ua huu na ua hili ni mmea mmoja.

Jina lake la kitaalamu ni Hibiscus rosa-sinensis, maana yake waridi la China, nalo lilitolewa na Linnaeus, mtaalamu wa Sweden, mwaka 1753. Yasemwa kwa kawaida kwamba asili yake ni upande wa Asia, lakini imepandwa na watu tangu siku nyingi hivi kwamba hakuna awezaye kuonyesha kwa hakika inakomea porini. Nchi ya Malaysia iliifanya ua la taifa mwaka 1960. Nasi tuna jamaa zake wa hapa hapa Afrika. Yuko mmoja katika misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, mwenye petali zilizochanika-chanika na kuning'inia kama taa; mwingine hukaa mabondeni penye maji, shina lake lina miiba midogo, ua lake ni manjano na moyo wake ni wekundu mweusi. Majani yenye uchachu wa kupendeza ambayo Wakongo wengi huyaita ngai-ngai nayo ni ya hibiskusi, ile ambayo vikombe vyake vyekundu huchemshwa na kuwa kinywaji. Hiyo hupenda joto, kwa hiyo Beni huifaa kuliko Butembo. Hata bamia, pamba na mkakao wa mashamba ya Beni ni wa ukoo huo huo mkubwa. Mkulima wa kakao apitaye kando ya ua wa hibiskusi anapita kwa shemeji.

Lakini turudi kwenye ua wetu. Hibiskusi hii ya nyuani ni nadra kutoa mbegu. Karibu kila mmoja mnaouona ulitoka katika kijiti kilichokatwa na mtu na kupewa mtu mwingine, au, tuseme ukweli, kilichoibwa njiani wakati wa jioni. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kujua kukata kijiti.

Usichague ncha laini ya kijani, maana itaoza. Wala usichague tawi kuukuu la kijivu, maana litakawia mno. Tafuta tawi la katikati, lenye unene wa kalamu ya risasi. Kata kijiti cha sentimita 20 hivi, chini kidogo ya fundo la jani. Mkato wa chini uwe wa kunyooka, na wa juu uwe wa mshazari: hivyo maji ya mvua hayatakaa juu yake, nawe hutasahau upi ni mwisho wa juu. Mtatucheka, lakini tumewaona wanafunzi wakipanda ua mzima kichwa chini miguu juu. Ondoa majani yote ila mawili ya juu, na hayo nayo yapunguze nusu. Zika theluthi mbili za kijiti katika udongo uliolainishwa, ukanyage kidogo, na uweke kivuli cha majani ya ndizi kwa majuma ya mwanzo. Mizizi huanza baada ya majuma manne hata manane. Butembo, kwa sababu ya baridi ya usiku, hukawia kuliko Beni. Majani yale mawili yakianguka usikate tamaa, wala usivute kijiti kuona kama kimeshika. Anayevuta kila siku atavuta mpaka kife.

Wakati ni jambo kubwa. Mvua zetu huzidi kuanzia Machi, na tena kuanzia Agosti au Septemba. Januari na Februari, Juni na Julai, hupungua. Panda mvua zinapoanza. Sisi wenyewe tulilijifunza neno hili kwa hasara. Mwaka mmoja tulipanda vijiti 40 mwanzoni mwa Juni, kwa sababu tu tulikuwa na nafasi na tulikuwa na watoto wa kutusaidia. Tulimwagia maji juma la kwanza, la pili tukasafiri. Tuliporudi Julai, vijiti 31 vilikuwa kuni. Vile tisa vilivyopona vilikuwa upande wa ukuta, ambapo maji ya paa hudondoka.

Kwa ua wa nyumba, acha nusu mita kati ya kijiti na kijiti. Kama mbuzi wa jirani hutembea bila mchungaji, panda safu mbili za kupishana, na kwa mwaka wa kwanza weka miiba au fito kwa nje. Mbuzi huipenda hibiskusi kama watoto wapendavyo sukari. Tusimchukie kwa hilo: majani hayo ni chakula kizuri, na yale uyakatayo wakati wa kupogoa wape sungura au kobayi wako, hayatabaki.

Kupogoa ndiko kunakowashinda watu wengi. Kijiti kimeshika, kimefika magotini, kimetoa ua la kwanza, na sasa twakuambia ukikate kichwa. Mkono hukataa. Lakini hibiskusi isiyokatwa ikiwa changa hukimbilia juu, ikabaki na miguu mirefu isiyo na nguo, na kuku wote wa mtaa hupita chini yake. Kata theluthi ya juu inapofika magotini, ngoja itoe matawi, kata tena. Baadaye, mara moja kwa mwaka, mvua zinapoanza, pogoa kwa nguvu, na katikati ya mwaka nyoosha kidogo tu. Maua hutoka katika matawi mapya. Wale wanaoupiga ua wao kwa panga kila mwezi ili uwe sawa kama meza, kisha wakalalamika kwamba hautoi maua, wajue wanayakata yakiwa bado tumboni.

Kuhusu chakula chake hatuna mengi. Samadi iliyooza vizuri mara mbili kwa mwaka, na majani makavu ya kufunika udongo, yasiyogusa shina. Jivu kidogo halidhuru udongo wetu wenye ukali. Lakini mama anayemwaga jivu lote la jiko mahali pamoja kila asubuhi ataona majani ya hapo yakigeuka manjano na mishipa yake ikibaki kijani. Ni mmea unaokosa chuma, nacho kimo udongoni, ila jivu limeufungia. Wanafunzi waweza kufanya jaribio dogo juu ya jambo hili. Chemsheni petali nyekundu katika maji, mgawe maji hayo katika vikombe viwili. Katika kimoja tieni ndimu: yatakuwa mekundu yenye kung'aa. Katika cha pili tieni maji ya jivu yaliyochujwa: yatageuka kijani. Petali zinazobaki zifikicheni juu ya viatu vyeusi. Nchi nyingine huliita ua hili ua la viatu, kwa kuwa huving'arisha.

Mwanga wa jua yahitaji mwingi, nusu ya mchana walau. Hapa nyua za Butembo na za Beni hutengana. Miji hiyo miwili iko mbali kilometa 54 tu hivi, lakini anayeshuka kutoka Butembo huvua sweta lake njiani. Beni hibiskusi hukua upesi, na rangi zote hufaulu, hata zile za manjano na za petali nyingi kama waridi. Butembo, na zaidi kule juu Lubero na Masereka, asubuhi za baridi huyafanya majani kuwa manjano na matumba kudondoka kabla ya kufunguka, hasa ya zile nzuri-nzuri zinazonunuliwa kwa bei. Ile nyekundu ya zamani, ya petali tano tu, ndiyo ivumiliayo. Ipandeni upande unaopata jua la asubuhi, nayo itafanya kazi yake. Baridi ina fadhila yake pia: ua la hibiskusi kwa kawaida huishi siku moja, lakini penye baridi huweza kufika siku ya pili. Wale wanaopamba altare wakumbuke hilo. Maua ya hibiskusi yaliyochanua Jumamosi yatakuwa yamejikunja kama karatasi Jumapili; yachumwe asubuhi ile ile, umande haujakauka.

Beni nayo hulipa fadhila ya joto kwa wadudu. Mtaona chini ya majani na katika maungo ya matawi kitu cheupe kama unga. Huo unga ni wadudu wanaofyonza maji ya mmea, na sisimizi wanaopanda na kushuka pale hawaji kuwala. Wanalamba utamu wautoao, nao huwalinda. Kata matawi yaliyoshikwa sana, uyachome. Mengine yaoshe jioni kwa maji yaliyotiwa sabuni kidogo, kijiko kimoja kwa lita, urudie baada ya siku saba. Mwenye mikakao karibu na ua asilipuuze jambo hili, kwa maana wadudu wa namna hiyo huipenda mikakao pia. Kadhalika wale wadudu wekundu wenye alama nyeusi, wanaochafua pamba, hukaa katika hibiskusi na katika bamia zilizoachwa zikauke.

Na wako watu wanaotuuliza kama ua wa hibiskusi utazuia mmomonyoko. Butembo imejengwa juu ya vilima, na kila mwenye kiwanja mtelemkoni amesikia usiku wa mvua sauti ile ya udongo ukienda. Tusiwadanganye. Ua uliopandwa kukingama na mteremko hupunguza mwendo wa maji na kukamata udongo kidogo. Chini yake pandeni setaria au majani mengine ya mbuzi yenye mizizi mingi, na juu yake chimbeni mfereji. Korongo lililokwisha kufunguka halifungwi na maua. Hata hivyo twapenda ua huu kuliko mikaratusi ambayo wengine hupanda mipakani, kisha wakashangaa kwa nini maharage ya mita tano zote za karibu yamedumaa.

Tumefika kwenye jambo lenye uzito, ambalo kijana wetu hakuliuliza, lakini mama yake aliligusa alipoonyesha mpaka kwa kisu.

Katika nchi hizi za Maziwa Makuu wazee walipanda mti mpakani, mara nyingi ule mwembamba wenye majani marefu uitwao drasena, na aliyeung'oa alijulikana ni mtu wa namna gani. Katika mitaa ya leo ya Butembo, ambako kiwanja kimegawanywa mara tatu na nne kwa watoto na wajukuu, mara nyingi ni hibiskusi inayosimama mahali pa mti ule. Nayo ina tabia moja ambayo mti wa kale hauna: hutembea.

Tulimjua mama mmoja mjane, aliyekaa na ua huo tangu siku za marehemu mume wake. Upande wa pili alihamia kijana mwenye familia, mtu mwema, mwenye bidii. Kila mwaka kijana alipogoa upande wake kwa nguvu, karibu na shina. Upande wa mama haukuwa na wa kuupogoa, kwa sababu wanawe wako mbali. Mmea uliokatwa upande mmoja huegemea upande wa pili. Palipokuwa na pengo kijana alichomeka vijiti, naye alivichomeka mahali alipoona matawi, yaani mbele kidogo. Miaka ikapita. Siku moja mama akaona mlango wa jiko lake hauwezi tena kufunguka wote.

"Mwanangu," akamwambia, "ua wako umeingia jikoni kwangu."

"Mama, samahani," akajibu kijana, "mimi sikuuleta. Umekua wenyewe."

Na wote wawili walisema kweli. Hivyo ndivyo magomvi mabaya yanavyoanza, si kwa mwizi na mwenye mali, bali kwa watu wawili wenye kusema kweli. Yalikuwa karibu kufika mahakamani, ambako kiwanja kizima kingeliwa na gharama. Mzee mmoja wa mtaa akazuia. Akaomba jembe. Mbele ya majirani wakachimba taratibu chini ya ua, na huko wakayakuta mashina ya vijiti vya kwanza, meusi, manene kama mkono, mengine yamekufa, mengine bado yana uhai, yote katika mstari mmoja. Wakavuta kamba. Ua ulikuwa umetembea karibu nusu mita. Kijana alitazama kamba ile muda mrefu, kisha yeye mwenyewe akaenda kuchukua panga.

Kwa hiyo twawaomba: mnapopanda ua wa mpakani, mwiteni jirani siku ile ile, na ashike ncha moja ya kamba. Katika kila pembe zikeni chini ya mmea wa kwanza kitu kisichoota wala kutembea, jiwe kubwa au matofali mawili ya kuchoma. Andikeni karatasi, mpime kutoka nyumbani hata uani, mtie sahihi ninyi wawili na mashahidi. Tena pogoeni pande zote mbili kwa siku moja, kila mtu upande wake. Wala mtu asifikiri kwamba ua ni hati. Sheria ya ardhi ya Kongo ya tarehe 20 Julai 1973 yasema ardhi ni mali ya Serikali, na katika mji haki ya mtu huthibitishwa kwa cheti kilichoandikishwa. Ua hauchukui mahali pa cheti. Ni shahidi tu, lakini yako mahali ambapo shahidi mwingine hakubaki.

Wasomaji wetu wa Beni wajua twasema nini. Tangu Oktoba 2014, mauaji yalipoanza katika vijiji vya upande ule, jamaa wengi mno wameacha nyumba zao wakakimbilia Oicha, Beni, Butembo na mbali zaidi. Karatasi zao, kama zilikuwapo, ziliungua pamoja na paa. Baba mmoja, ambaye sasa ni mpangaji hapa Butembo, alitusimulia jinsi alivyothubutu kurudi kwake kwa siku moja. Njia ilikuwa imezibwa na magugu, na nyumba haikuwapo. Mabati yalikwisha kuchukuliwa, na kakao yake ilivunwa na watu asiowajua. Alisimama asijue hasa anasimama wapi. Kisha akaona nyekundu ndani ya magugu, na nyekundu nyingine mbele yake, na nyingine tena, katika mstari. "Nikajua," alisema, "hapa ni mlangoni, na pale ni kwa ndugu yangu." Alikata kijiti kimoja, akakifunga katika jani la mgomba, akaja nacho. Amekipanda katika kopo la mafuta, kwa kuwa kiwanja anachokaa si chake, na mwenye nyumba aweza kumwambia ahame mwisho wa mwezi wowote.

Hatutaki kulifanya jambo hili kuwa tamu kuliko lilivyo. Ua ule haukumlinda mtu, wala haukuzuia mabati yasichukuliwe. Lakini siku watu watakaporudi vijijini, na wengine wamekwisha kuingia mahali pa wengine, itakuwapo kazi kubwa ya kusema hapa ni pa nani. Twawaomba machifu, wazee wa mitaa na wale wa kamati za parokia watakaoitwa kuamua: mtu yeyote asiruhusiwe kufyeka wala kung'oa nyua za zamani kabla mistari yake haijapimwa na kuandikwa mbele ya pande zote. Mkichoma magugu, hibiskusi itachipuka tena. Mking'oa mashina, shahidi amekwenda. Tena wajane na mayatima wasikilizwe wanapoonyesha ua kwa kidole, hata kama hawana karatasi. Kisha jembe lichimbe, lione kama wasema kweli.

Tulisema mwanzoni kwamba kijana wetu hakukosea, nasi hatukutaka aachwe na mikono mitupu. Tulimwambia kwamba wakulima wa maua katika nchi nyingine huudanganya mmea wake kwa taa: huwasha mwanga saa chache baada ya jua kuchwa, mmea ukadhani siku ni ndefu, ukatoa matumba. Juma lililopita akatuandikia tena. Baba yake amesema hatalipia umeme kwa ajili ya ua asiloweza kula. Kwa hiyo mmea wa Kanada umehamishiwa pembeni, karibu na choo, ungoje huko. Mahali pake pamepandwa maharage. Yeye amekata vijiti 30 kutoka katika ua wa mama yake, na jirani amekubali kushika kamba. Ila ana swali moja: alisahau kukata mshazari, na vijiti vyote 30 vimelala katika ndoo ya maji, asijue upi mwisho wa juu.

Kijana, tazama makovu ya majani. Juu ya kila kovu kuna jicho dogo la chipukizi. Mahali jicho lilipo, huko ndiko juu. Usiviache ndooni zaidi ya siku mbili.